Cheni ya baiskeli ya umeme inaruka mlimani na goti linauma: usibadilishe mota kwanza

Mkuu, nimekuelewa hivi: baiskeli ya umeme yenye mota kwenye gurudumu la nyuma, tairi inchi 26, betri ya volti 48, gia saba nyuma (meno 14 hadi 28), sproketi (gurudumu la meno) ya mbele meno 46. Ukipandisha vilima vya Goba cheni inapiga "tak!", goti linauma kwa mbele, na fundi amesema mota imechoka, nunua nyingine.

Usinunue. Mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma haivuti cheni hata kidogo, inazungusha gurudumu lenyewe. Kinachopita kwenye cheni yako ni nguvu ya mguu wako tu. Kwa maelezo yako, naona cheni na goti vinalalamikia jambo moja: unasukuma gia nzito huku umekaa chini mno. Tutafika kwenye siti. Kwanza hakikisha kinachoruka ni cheni kweli.

Zima umeme, panda kilima kilekile, gia ileile, kwa pedali tupu. Ikiruka, tatizo liko upande wa cheni. Isiporuka, washa umeme, tuliza miguu, panda kwa throto (kile cha mkononi cha kuongeza mwendo) peke yake. Ikishtuka hapo, cheni haina hatia. Betri ya 48 yenye seli 13 kwa mfululizo ikijaa inasoma volti 54.6, na kontrola nyingi (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) hukata volti zikishuka karibu na 40. Betri iliyochoka inaweza kusoma 47 ukiwa umesimama, ukianza kupanda ikaporomoka hadi kikomo, kontrola ikakata, mzigo ukapungua, volti zikapanda, mota ikarudi. Mguuni utaapa kwamba cheni imeruka. Vile vijiti vya betri kwenye skrini havikwambii kitu, tafuta ukurasa unaoonyesha volti au tumia multimita. Angalia pia swichi za mikono ya breki: mkono usiporudi vizuri, swichi inakata mota njiani bila taarifa.

Kama mota inalia kwa nguvu lakini gurudumu halisukumwi, hapo fundi atakuwa na hoja, maana mota nyingi za aina hiyo zina gia ndogo za nailoni ndani ambazo hulika meno. Hata hivyo hununui mota nzima, hubadilishwa gia zile. Na kama inatetemeka bila kuondoka, hasa baada ya kukatisha maji pale Jangwani, fungua kiunganishi cha waya wa mota, kaushe, angalia kutu ya kijani kwenye pini.

Tuseme imeruka umeme ukiwa umezimwa. Sasa sikiliza mpangilio wa ile "tak", maana unakuonyesha pa kuangalia. Cheni ya baiskeli kama yako ina viungo kama 112, na sproketi ya mbele ina meno 46, kwa hiyo cheni inamaliza duara lake kila pedali zikizunguka mara mbili na nusu hivi. Ikiruka kwa mpangilio huo, kuna kiungo kimoja kilichokakamaa au kujipinda. Zungusha pedali kinyumenyume polepole, tazama cheni inavyopita kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya kibadilisha gia: kiungo kibovu hakinyooki, kinarukaruka. Kishike pande zote mbili ukikunjekunje kwa ubavu mpaka kilegee. Kelele ikija mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, angalia jino lililopinda mbele, pedali iliyolegea, au mkono wa pedali usiokazwa vizuri. Boliti ya mkono wa pedali kwenye ekseli ya pembe nne inataka Nm 35 hadi 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Wengi huiharibu hapo.

Isipokuwa na mpangilio wowote, ikaruka tu unapokandamiza, meno yamekwisha. Na kama pedali inakwenda bure robo mzunguko halafu inashika kwa kishindo, hilo si ruko la cheni. Ni vile vikucha vya ndani ya friwili (lile fungu la gia za nyuma) vimeshikwa na mchanga na kutu. Kwa wanaoendesha kandokando ya bahari, Kigamboni au Kunduchi, ndiyo hali ninayoishuku kwanza.

Kupima cheni hakuhitaji kifaa cha pekee. Chukua rula ya chuma, cheni ikiwa imevutwa, anza katikati ya pini moja na hesabu viungo 24. Cheni mpya inasoma mm 304.8. Ikifika 307, badilisha. Ikifika 308 au zaidi, friwili nayo imeliwa, vibadilishe pamoja. Watu wengi hubadilisha cheni peke yake, wakitoka tu dukani inaruka kuliko ya zamani, wanasema wameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Cheni ya zamani ilirefuka pamoja na meno ya friwili, ikazoeana nayo. Mpya ina vipimo sahihi, haikai kwenye mabonde yaliyochimbika. Gia ya meno 14 ndiyo hufa mapema, kwa sababu ndiyo watu hukaa siku nzima wakiwa na mota. Itazame kwa ubavu: jino zima lina pande mbili zinazofanana, lililoliwa limelala upande mmoja kama pezi la papa.

Ukienda Kariakoo kununua, sema unataka cheni ya gia 6 hadi 8, yenye upana wa ndani wa mm 2.4. Usipofafanua utapewa ile ya baiskeli za kawaida zisizo na gia, yenye mm 3.3. Itaingia, itazunguka, na gia hazitakaa hata siku moja. Nunua na loki yake, kile kiungo cha kufungia cheni. Urefu: izungushe kwenye sproketi ya mbele na gia kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, halafu ongeza viungo viwili. Kwa vilima vya Goba ningechukua friwili ya 14 hadi 34 badala ya 28, mradi kibadilisha gia chako kina mkono mrefu unaoweza kubeba 34.

Kufungua friwili kwenye mota ndipo baiskeli nyingi zinapofia. Ekseli ya mota ni nene, mara nyingi mm 12, kwa hiyo kifaa cha kawaida cha friwili hakipiti. Tafuta chenye tundu kubwa. Kwenye mota nyingine waya hutokea upande huohuo wa friwili, basi tenganisha kiunganishi na upitishe waya ndani ya kifaa. Fundi akitaka kutumia patasi na nyundo, chukua baiskeli yako uondoke. Kabla ya kulegeza nati za gurudumu, nyingi za namba 18, piga picha mpangilio wa washa (zile pete za chuma chini ya nati) kila upande. Ile yenye ulimi lazima irudi na ulimi ukiwa ndani ya mfereji wa fremu, maana ndiyo inayozuia ekseli kuzunguka. Ekseli ikizunguka, inakata waya wa mota, na waya zikigusana kontrola inaungua. Kaza Nm 35 hadi 40, elekeza tundu la waya chini, na acha waya uning'inie kidogo kabla ya kupanda kwenye fremu ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia. Kaza tena nati zile baada ya siku chache.

Baada ya hapo, gia. Usishike skrubu yoyote kabla ya kusimama nyuma ya baiskeli na kutazama kama vigurudumu viwili vya kibadilisha gia vimesimama mstari mmoja na gia iliyo juu yake. Baiskeli iliyolazwa upande wa kulia kwenye Bajaji au kirikuu mara nyingi hurudi na lile sikio linaloshika kibadilisha gia likiwa limepinda, na sikio likipinda hakuna marekebisho yatakayoshika. Likiwa limenyooka: weka gia ndogo kabisa, rekebisha skrubu yenye herufi H kwenye kibadilisha gia mpaka kigurudumu cha juu kikae chini ya gia ya 14 sawasawa. Nenda gia kubwa kabisa, skrubu ya L izuie cheni kuangukia kwenye spoki. Kati ya hapo ni kazi ya kebo: cheni ikisita kupanda, zungusha kirekebishi cha kebo kinyume cha saa robo mzunguko, ikisita kushuka, zungusha kwa saa. Ikisita pande zote mbili, kebo imeshika kutu ndani ya ganda. Ibadilishe pamoja na ganda lake.

Mafuta. Oili chafu ya injini weka kando kabisa. Inashika vumbi la barabara za mtaani na kugeuka kama msasa, ndiyo maana cheni inakwisha mapema huku inaonekana "imelowa vizuri". Grisi nayo hivyohivyo. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na diski ya breki, acha ikauke, tone moja la mafuta mepesi ya cheni kwa kila kiungo, subiri, kisha futa nje yote. Mafuta yanatakiwa ndani ya viungo, ya nje ni chambo cha mchanga. Kiangazi, kila kilomita 150 hadi 200. Masika, siku hiyohiyo uliyonyeshewa. Na usiipeleke kwenye mashine ya presha ya kuoshea magari: maji yanapenya kwenye beringi za pedali na kwenye mota.

Sasa siti, na hapa ndipo naamini goti lako lilipo. Watu wa Dar hushusha siti ili miguu yote miwili ifike chini, kwa kuogopa daladala na bodaboda kwenye foleni. Hofu hiyo ina sababu, ila matokeo yake goti linakunjwa sana kila mzunguko na shinikizo lote linakwenda mbele ya goti. Pima hivi: vaa viatu unavyoendeshea (kama ni ndala, basi ndala), egemea ukuta, kaa sawa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukihamishia pedali kwenye sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35. Kwa kipimo cha rula: simama ukutani peku, bana kitabu katikati ya mapaja kikiwa juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 78 anapata karibu 69, kutoka katikati ya ile ekseli inayoshika mikono ya pedali hadi juu ya siti. Kwa mjini anza sentimita moja chini ya hapo.

Pandisha siti kwa mm 5 kila mara, endesha siku mbili tatu, ndipo uongeze. Nguzo ya siti isivuke alama ya mwisho, hata kama bado hujafika. Nunua ndefu zaidi. Kwenye taa, shuka mbele ya siti na uweke mguu mmoja chini. Ukizoea hilo, siti ndefu haitishi. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepitiliza: shusha, au sogeza siti mbele kidogo. Uwiano wa mbele na nyuma: mikono ya pedali ikiwa ya mlalo, uzi wenye kizito ukining'inia mbele ya goti uangukie karibu na ekseli ya pedali. Ukisogeza siti nyuma umeiongeza urefu pia, kwa hiyo pima upya. Siti iwe tambarare. Pua ikiinama chini utateleza mbele na viganja vitakufa ganzi, na utadhani tatizo ni usukani.

Kisha gia, maana siti nzuri haisaidii kitu ukipanda kwa 14. Meno 46 mbele na 14 nyuma, kwa tairi ya inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 6.8. Ukipanda kwa kilomita 10 kwa saa kwenye gia hiyo, miguu inazunguka mara 24 au 25 tu kwa dakika. Hapo kila kandamizo ni sawa na kupanda ngazi kwa mguu mmoja, na cheni imeng'ang'ania meno saba hivi. Kwenye 28, mzunguko ni mita 3.4, miguu inafika karibu mara 50 kwa dakika, na mzigo unabebwa na meno kama 14. Lenga 60 hadi 80. Teremsha gia kabla kilima hakijaanza, si katikati. Mota nayo itashukuru, kwa sababu mota ya gurudumuni ikiburuzwa polepole mlimani inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto.

Wenye mota ya katikati, kwenye pedali, msichukue yote haya kama yalivyo. Kwenu mota inapita kwenye cheni, kwa hiyo legeza mguu kila unapobadilisha gia, badilisha moja moja, na cheni za gia 10 kushuka zibadilishwe zikirefuka kwa 0.75%, za 11 na 12 zikirefuka kwa 0.5%.

Mkuu, pima viungo 24 leo kabla hujaenda dukani, weka hapa namba uliyopata pamoja na picha ya friwili kwa ubavu na volti ukiwa katikati ya kilima. Kwa hizo tatu tutajua kama unanunua cheni tu au na friwili.