FA kushuka kwa wazee wenye afya: mambo ya kuchunguza kabla ya kuilaumu mailini

Mkuu, umeuliza kama FA ikishuka kwa watu wenye afya wa miaka 20 hadi 80, unaweza kuandika kwamba mailini yao, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, imepungua. Hapana. FA, kipimo cha MRI ya usambaaji wa maji, ni namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha jinsi maji yanavyoelemea kusambaa upande mmoja ndani ya vokseli, yaani kijichemba kimoja cha picha. Hushuka mailini ikipungua, lakini pia aksoni (nyuzi zenyewe za neva) zikipungua, giligili (maji ya ndani na kando ya ubongo) ikiingia kwenye vokseli, au mtu akitikisa kichwa. Na pale nyuzi zinapopishana, fungu moja likidhoofika FA inaweza hata kupanda! Ukitaka kuitaja mailini, ongeza kipimo kinachoihusu, mfano sehemu ya maji ya mailini.

Kwa wazee, mchokozi mkubwa ni giligili. Ubongo ukisinyaa, ventrikali (vyumba vya giligili ndani ya ubongo) hupanuka, na miundo myembamba iliyo kando yake huanza kugawana vokseli na maji. Maji huru kwenye joto la mwili husambaa kwa takriban 3.0 × 10⁻³ mm²/s; mada nyeupe (sehemu ya ubongo yenye nyuzi hizo) ni kama 0.7 kwa kipimo hichohicho. Kwa hiyo maji kidogo tu yanatosha kupandisha MD (wastani wa usambaaji wa maji pande zote) na kushusha FA hata kama nyuzi ni nzima. Forniksi, fungu jembamba la nyuzi kando ya ventrikali, ikionekana imeharibika kuliko njia nyingine zote, shuku hili kwanza. Tumia vokseli zisizozidi mm 2 kila upande, na modeli inayotenga maji huru. Modeli hiyo haitulii ukiwa na thamani moja ya b (nguvu ya kupima usambaaji), hivyo piga b=1000 yenye mielekeo 30 na b=2000 yenye 60, ukitawanya picha za b=0 katikati ya mfululizo. Usisahau picha chache za b=0 zilizopigwa kwa mwelekeo wa fezi (mhimili ambao picha hupotoka) uliogeuzwa. Bila hizo topup, programu inayonyoosha upotovu huo, haina cha kufanyia kazi.

Mpangilio wa uchakataji usiuchezee: kuondoa kelele, kisha mawimbi ya Gibbs (mistari ya uongo kando ya mipaka mikali), kisha topup na eddy (programu inayosahihisha mtikisiko na upotovu wa mikondo ya umeme). Kuondoa kelele kunategemea kelele ya kila vokseli ijitegemee, na ukishasogeza picha sharti hilo limevunjika. Baada ya eddy chukua faili la vekta (mielekeo ya kupima) zilizozungushwa, si lile la awali. Halafu fungua ramani ya mielekeo: mistari ya kopasi kalosamu (daraja la nyuzi kati ya nusu mbili za ubongo) lazima ivuke kutoka kushoto kwenda kulia. Ikienda kwingine, mihimili ya vekta imechanganywa, na namba za FA hazitakuonya.

Mtikisiko unauma kichwa kweli. Ukiuingiza kwenye modeli unakula sehemu ya athari ya umri, kwa sababu wazee ndio hutikisika zaidi. Ukiuacha, unajifanya umri. Mimi ningeonyesha matokeo yote mawili, kisha nirudie uchambuzi kwa vijana na wazee waliolinganishwa kwa mtikisiko.

FLAIR (aina ya picha ya MRI inayoonyesha madoa ya mada nyeupe) ya 3D yenye mm 1 ni ya lazima. "Afya njema" haimaanishi hakuna madoa meupe. Baada ya miaka 60 wengi wanayo japo machache, na shinikizo la damu huyaongeza, kwa hiyo lipimwe. Kipimo cha Fazekas cha 0 hadi 3, cha kukadiria madoa kwa macho, hutolewa mara mbili, kando ya ventrikali na ndani zaidi. Ukipima ujazo, gawanya kwa ujazo wa ndani ya fuvu na tumia logi, maana wachache wenye madoa makubwa huvuta wastani. Kisha kokotoa FA tena ukiyatoa madoa, uone kama tofauti ya umri inabaki.

Kwa TBSS (njia ya kulinganisha FA kwenye kiini cha njia za nyuzi), kizingiti cha FA cha 0.2 kinafaa, ila kiolezo (ubongo wa mfano wa kulinganishia) kilichotokana na vijana huyumba kwenye ventrikali pana. Tengeneza chako kutokana na umri wote.

Kwenye takwimu, mstari mnyoofu unadanganya: ujazo wa mada nyeupe huendelea kupanda hadi utu uzima ndipo ushuke, kwa hiyo tumia splaini (mstari unaojipinda kufuata data). Kama vijana walipigwa kabla ya mashine kuboreshwa na wazee baada yake, ComBat (njia ya takwimu ya kuondoa tofauti za mashine) haitakuokoa, kwa kuwa umri na mashine vimekuwa kitu kimoja. Piga wa rika zote kila wiki.