Andika bajeti kwanza, tarehe ya tukio itafuata

Vikundi vingi vya vijana vya kujitolea huanza kwa kutangaza tarehe. Bango linasambazwa kwenye makundi ya simu, mgeni rasmi anakubali mwaliko, ndipo mtu anauliza kama fedha zipo. Hapo kikundi kimeshajifunga. Anayekodisha viti akijua siku imekaribia na watu wameshaalikwa, hana sababu ya kushusha bei. Andikeni bajeti kwanza, mkusanye bei za maandishi kutoka kwa watoa huduma wawili au watatu, kisha mchague tarehe.

Igawanyeni bajeti mafungu mawili. La kwanza ni la gharama zisizojali idadi ya watu: ukumbi au hema, vyombo vya sauti, kibali, usafiri wa vifaa. La pili ni la zile zinazopanda kwa kila kichwa: maji, chakula, viti, vitini. Tuseme fungu la kwanza ni 1,200 kwa fedha yoyote mnayotumia, na kila mtu anagharimu 5. Wakija watu 150, jumla ni 1,950. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, yaani 195, mnafika 2,145.

Rudieni hesabu hiyo kwa watu 100, mtapata 1,700 kabla ya dharura. Kupunguza waalikwa 50 kumeokoa 250 tu. Kama ukumbi peke yake ni 500, mkipata uwanja wa shule bila malipo mmeokoa mara mbili ya hapo bila kumfungia mtu mlango. Ndiyo maana nguvu ya kupatana bei iende kwenye fungu la kwanza, si kubishana kuhusu chupa za maji. Hesabu hiyo inaonyesha pia kikomo chenu: ukitoa 1,200 kwenye 2,145, kinachobaki kinatosha watu 189, na hapo dharura yote imeshaliwa. Usajili ufungwe kabla ya kufika huko.

Ahadi za michango ziandikwe kando na fedha. Daftari la mweka hazina liwe na safu ya aliyeahidi, kiasi, tarehe aliyosema, na kiasi kilichokwisha kuingia. Matumizi yote yapangwe kwa safu ya mwisho. Wiki tatu kabla ya tukio, linganisheni fedha zilizomo mkononi na fungu la kwanza. Zisipolifikia, anzeni kupunguza kwa kufuata orodha mliyoiandika mapema mkiwa mmetulia: fulana zitoke kwanza, mapambo ya pili, chakula kamili kigeuke vitafunwa. Orodha hiyo ikiandikwa wakati wa presha, kila mmoja atatetea kitu alichokipendekeza yeye, na kikao kitaisha kwa ugomvi.

Mfadhili ombeni vitu kuliko fedha, hasa mkiwa kikundi kipya. Mwenye duka asiyewaamini bado kwa fedha taslimu anaweza kutoa katoni za maji au kuwaazima hema. Ziandikeni kwa bei ya soko upande wa mapato na upande wa matumizi pia, ili mwaka ujao asipotoa mjue pengo ni kubwa kiasi gani.

Kuna gharama ndogo zinazosahaulika karibu kila mara: kurudisha vyombo usiku, makato ya kutuma fedha, betri za maikrofoni, waya wa kurefusha umeme, mafuta ya jenereta, sabuni ya chooni, mifuko ya taka. Nauli ya wanaojitolea nayo imo, na hii naisisitiza. Kijana amejitolea muda wake. Ukimwachia pia gharama ya kuja vikaoni na kuzunguka kununua vitu, atakaa kimya, kisha ataanza kukosa, na mtamwita mvivu. Wekeni nauli kwenye bajeti hata kama ni kidogo, na ilipwe siku hiyohiyo.

Umeme unastahili hesabu yake. Jumlisheni wati za kila kifaa: spika mbili za wati 500, projekta 300, taa 200, kompyuta 100, jumla 1,600. Jenereta isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo mnahitaji ya wati 2,000. Someni uwezo wa kuendelea, yaani wati inazoweza kutoa muda wote, si ule wa kilele wa muda mfupi unaoandikwa kwa herufi kubwa. Hata palipo na umeme wa ukutani, birika la chai linaweza kula wati 2,000 peke yake. Likichomekwa kwenye laini ya spika, swichi inajikata katikati ya hotuba na hakuna anayejua sababu. Jikoni pawe na laini yake.

Kwa siku ya usafi wa mazingira, gari la kubeba taka lipatikane kabla ya kununua hata glovu moja. Mifuko hujaa haraka kuliko mnavyodhani, na isipochukuliwa siku hiyo, mbwa wataichana na mtaa utabaki mchafu kuliko mlivyoukuta. Ulizeni mapema gari linabeba kiasi gani na linamwaga wapi, kwa kuwa safari ya pili ni gharama nyingine.

Siku yenyewe, timu ya kupanga isiwe ndiyo ya kupangua. Waliobeba viti tangu alfajiri hawana nguvu jioni, na hapo ndipo viti vya kukodi hupotea na faini kutozwa. Vihesabiwe vinaposhuka na vinapopanda garini, na mtu wa gari asaini mara zote mbili.

Kuhusu fedha, nina msimamo mkali: anayezitunza asiwe anayenunua. Mnunuzi apokee kiasi kwa kusaini karatasi yenye jina, kazi, kiasi na tarehe, na arudishe risiti pamoja na chenji ndani ya saa 48. Risiti zipigwe picha siku hiyohiyo, maana karatasi nyingi za mashine hufifia na kubaki nyeupe. Muuzaji asiye na risiti asaini hati ya malipo mliyoandaa wenyewe. Utaratibu huu humlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote. Asiye na karatasi hana cha kujitetea nacho maneno yakianza, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Taarifa ya fedha itoke ndani ya siku saba: kilichopangwa, kilichotumika, tofauti. Kila tofauti inayozidi asilimia 10 iandikiwe sababu kwa sentensi moja. Nakala iende kwa kila aliyechangia, mdogo kwa mkubwa. Kikibaki kitu, kiingizwe kwenye akaunti ya kikundi siku hiyo ya taarifa, na hati ya benki iambatishwe ukurasa wa mwisho.