Kabla Hujanunua DAC Nyingine, Itazame Chaja

Juzi usiku kijana mmoja anayefuatilia maandishi yangu aliniandikia: "Kaka, kicheza muziki changu kinakwaruza, halafu kinakata katikati ya wimbo. Nimeshabadilisha DAC mara moja. Sasa nataka kununua ya bei kubwa zaidi. Unanishauri ipi?" (DAC ni kile kifaa kinachogeuza namba za faili ya muziki kuwa mawimbi ya sauti ya kupeleka kwenye amplifaya.) Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Ni mimi yule wa miaka iliyopita, neno kwa neno. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, jibu likarefuka, nikaona heri niliandike hapa mlisome wote. Najua mnaonisoma mnaitamani hali ileile: muziki wako wote umehifadhiwa sehemu moja nyumbani, unauita kwa simu ukiwa umeketi, na mwimbaji anasikika kama yumo chumbani.

Bodi yangu ya kwanza ilikuwa Raspberry Pi 3 Model B, ile kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka mwaka 2016. Nilikuwa na CD nyingi nilizozikusanya tangu ujana, nikazihamisha moja moja kuwa faili za FLAC. Kazi hiyo ilikula jioni zangu zote kwa muda mrefu na sina cha kuisimulia. Nilichagua FLAC kwa sababu inabana faili bila kupoteza chochote cha sauti, na sikutaka kurudia kazi ile maishani mwangu. Hadi leo sijairudia.

Mwanzoni nilichomeka amplifaya kwenye tundu la milimita 3.5 lililo kwenye bodi yenyewe. Muziki ulitoka, lakini nyuma yake kulikuwa na mvumo usiokoma, na nyimbo za taratibu zilikosa uhai. Sababu yake inaeleweka. Tundu lile halina DAC halisi nyuma yake. Bodi hupiga mapigo ya umeme ya haraka sana, kisha vichujio vidogo huyageuza kuwa kitu kinachofanana na mawimbi ya sauti. Kwa sauti za mchezo wa kompyuta inatosha. Kwa mtu aliyekesha akihamisha CD, haitoshi. Raspberry Pi 5 hata haina tundu hilo, kwa hiyo mwenye bodi hiyo ameepushwa na kishawishi.

Hapo ndipo nikanunua DAC yangu ya kwanza, bodi ndogo sana yenye chipu ya PCM5102A. Niliiunga kwa waya tano: umeme wa volti 5, graundi, kisha zile tatu za njia ya I2S, inayopitisha muziki ukiwa bado namba, zinazokwenda pini ya 12, ya 35 na ya 40. Iligoma kutoa sauti siku mbili nzima, mpaka nilipoelewa kwamba pini yake ya SCK lazima iungwe na graundi ili chipu ijitengenezee mapigo yake yenyewe ya saa. Nililehemu kile kidaraja kidogo, nikaandika dtoverlay=hifiberry-dac kwenye config.txt, faili ya mipangilio ya bodi, ili bodi iitambue DAC, nikaweka alama ya # mbele ya dtparam=audio=on kuzima sauti ya bodi yenyewe, nikawasha upya.

Sitausahau usiku ule. Nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza juu ya waya kabla hajapiga noti. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi. Wimbo niliousikiliza miaka ishirini, na kumbe nilikuwa sijawahi kuusikia! Sauti ilitoka kwa nguvu zote, maana chipu ile haina kidhibiti cha sauti ndani yake na nilikuwa bado sijaiambia MPD, programu inayocheza faili za muziki kwenye bodi, ifanye kazi hiyo. Mtoto aliamka akilia, mke wangu akatoka chumbani kuja kunigombeza, akafika mlangoni akasimama. Akasikiliza. Akaniambia, "Rudisha mwanzo, lakini punguza." Nilijiona nimejenga nyumba kwa mikono yangu.

Raha ile ilidumu wiki mbili hivi. Faili zilipozidi nafasi ya kadi ya memori, nilichomeka diski ya USB, ile ndogo isiyo na chaja yake. Siku ileile mikwaruzo ikaanza. Wimbo unacheza vizuri dakika tatu, unakwaruza, unanyamaza. Mara bodi inajizima na kujiwasha. Nikauliza kwenye kundi moja la wapenda sauti nzuri, na majibu niliyopata yalikuwa ya kunidharau: ndiyo malipo ya kununua DAC ya bei rahisi, hizo si za watu makini. Sikulala vizuri siku ile. Nikaipeleka bodi na DAC kwa fundi mmoja. Aliipima juujuu, akasema DAC imeungua, hakuna dawa, niiache hapo kama chuma chakavu. Nikaiacha.

Nikajinyima, nikanunua DAC ya pili, safari hii ile inayokaa juu ya pini zote 40, yenye chipu ya PCM5122. Nikabadilisha mstari ule kuwa dtoverlay=hifiberry-dacplus. Siku mbili muziki ulikuwa asali. Siku ya tatu, kwenye wimbo uleule, ukakata.

Niliunganisha skrini kwa kukata tamaa tu, nione kama mfumo unawaka. Pembeni juu kulikuwa na alama ndogo ya radi ya manjano, inakuja na kuondoka. Nikaandika amri hii:

vcgencmd get_throttled

Ikanijibu 0x50005. Namba hiyo ina habari nne: umeme uko chini sasa hivi, bodi imepunguzwa kasi sasa hivi, na yote mawili yameshatokea pia tangu bodi iwashwe. Ukipata 0x50000, shida imepita lakini ilikuwapo. Jibu zuri ni moja tu, 0x0.

Chaja niliyotumia ilikuwa ya simu, na waya wake ulikuwa mwembamba na mrefu. Hesabu yake ni ya shule. Waya wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea 1.5 unapoteza volti 0.45. Chaja inatoa volti 5, lakini kwenye bodi zinafika 4.55, na bodi hizi huanza kulalamika umeme unaposhuka chini ya volti 4.63 hivi. Diski ikianza kuzunguka au ikitafuta faili inavuta umeme zaidi, volti zinaanguka, diski inapotea, MPD inakosa cha kucheza. DAC haikuwa na kosa lolote. Haikuwahi kuwa nalo.

Nilinunua chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi yenyewe, ya volti 5.1 na ampea 2.5, na diski nikaihamishia kwenye kigawanyaji cha USB chenye umeme wake. 0x0. Muziki ukacheza usiku kucha bila kukatika.

Kesho yake nilirudi kwa yule fundi kuiulizia DAC yangu. Nilikuta ameifunga kwenye kicheza muziki cha mteja mwingine, imewashwa pale mezani, inaimba safi. Niliitambua kwa lehemu yangu, kile kidaraja cha SCK nilichokifanya kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Fundi hakuniambia kitu, nami sikumwambia kitu. Nimesamehe, lakini bado inaniuma.

Sasa wewe, mdogo wangu uliyeniandikia, na wengine mlio njiani. Mnapenda sana kununua. Nasema hivi kwa upendo kwa sababu ugonjwa huo ninao. Sauti ikiharibika tunakimbilia kile kinachoitwa cha sauti, kwa kuwa ndicho chenye jina na sifa na picha nzuri. Chaja hakuna anayeiimba. Pima umeme kwanza. Pima nyimbo zikicheza na diski ikiwa kazini, maana bodi iliyokaa bure itakupa 0x0 ya uongo. Raspberry Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 3, na Pi 5 inataka volti 5.1 na ampea 5 ili itoe nguvu yake yote, hasa kwenye matundu ya USB. Waya uwe mfupi na mnene. Kama chaja imekuja na waya wake ulioshikana nayo, huo ndio utumie.

Umeme ukishakuwa sawa na bado inakata, nenda kwenye mtandao. Hapa pia watu hudanganywa na kasi. Muziki wa kiwango cha CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili, yaani megabiti 1.4 hivi kwa sekunde kabla hata FLAC haijaubana. Waifai dhaifu kabisa inabeba mzigo huo. Kinachoua wimbo ni waifai kusinzia ili kuokoa umeme, au kusongamana na za majirani kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na Pi 3 Model B haina masafa mengine ya kukimbilia. Zima usingizi huo kwa amri ya sudo iw dev wlan0 set power_save off, na uihifadhi mahali itakapojirudia kila bodi inapowaka. Waya wa mtandao ukiweza kufika, vuta waya. Mimi nilitoboa ukuta. Mke wangu hakupenda, sasa hivi hata hakumbuki.

Kwenye ruta, ipe bodi anwani yake isiyobadilika, usije ukaitafuta kila asubuhi kama mbuzi aliyekata kamba.

Programu zisikuumize kichwa. Volumio na moOde zote zina MPD ndani yake, unaziendesha kwa kivinjari cha simu, chagua moja ukae nayo. Mwenye vyumba vingi anayetaka wimbo mmoja uimbe kote kwa pamoja namshauri piCorePlayer, inayocheza muziki kwenye bodi ya kila chumba, na Lyrion Music Server, inayougawa muziki kwa vyumba vyote. Ile ya pili ina ukoo wa vicheza muziki vya Squeezebox, ambavyo Logitech ilivinunua pamoja na kampuni iliyovianzisha mwaka 2006, kisha ikaacha kuvitengeneza mwaka 2012. Programu ilibaki mikononi mwa watu walioipenda, nao hawakuiacha ife. Mimi hilo linanigusa.

piCorePlayer ina uzuri mwingine: ikishawaka hukaa yote kwenye memori ya RAM, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kadi haidhuriki. Nimepoteza kadi mbili kwa kuchomoa waya wakati mfumo unaandika. Kwenye mfumo wa kawaida wa Raspberry Pi, ingia raspi-config, menyu yake ya mipangilio, uwashe overlay, kadi ilindwe isiandikwe. Na tengeneza nakala ya muziki wako leo, kwenye diski nyingine, kabla hata hujamaliza kusoma hapa. Kazi ya jioni zile zote ilikaa kwenye diski moja mwaka mzima, nikikumbuka mwili unasisimka.

Narudia tena kwa sababu najua mtaruka: chaja kwanza, waya wa chaja, kisha mtandao, ndipo DAC.

Yule kijana nilimtumia amri ile kabla ya kuanza kuandika makala hii. Alinijibu baada ya nusu saa na picha ya skrini: 0x50005. Akaniuliza kama namba hiyo ni mbaya. Anatumia chaja ya simu ya zamani, na diski imechomekwa kwenye bodi moja kwa moja. Ameagiza chaja ya bodi yake, inafika Ijumaa. Ile DAC aliyo nayo nimemwomba asiichomoe kwenye pini, na asimpelekee fundi yeyote.