Kotoko na makombe yaliyopotelea mezani

Asante Kotoko, klabu ya Kumasi nchini Ghana, wametwaa ubingwa wa Afrika mara ngapi? Huku kijiweni wapo wanaodai mara tatu: 1970, 1971 na 1983.

Mara mbili, 1970 na 1983. Swali hili linarudi kila mara na kosa ni lile lile. Fainali ya msimu wa 1970 ilichezwa Januari 1971, basi mtu akikuta mwaka huo kwenye picha ya zamani anaongeza kombe. Hesabuni kwa msimu, si kwa tarehe ya mechi. La 1983 halina utata: sare ya 0-0 Cairo dhidi ya Al Ahly, kisha 1-0 Kumasi, mfungaji Opoku Nti. Al Ahly hao hao ndio waliowanyima kombe mwaka mmoja kabla.

Ni kweli Kotoko waliwakimbia TP Mazembe fainali ya 1967?

Hawakukimbia, na ushabiki wa kuwaita waoga ukome. Mazembe wa Lubumbashi enzi hizo wakiitwa TP Englebert. Mechi ya Kumasi iliisha 1-1, ya Kinshasa 2-2. Kwa kanuni ya bao la ugenini iliyokuja baadaye, Kotoko wangekuwa mabingwa hapo hapo. Kanuni hiyo haikuwepo, ikapangwa mechi ya tatu Yaoundé, 27 Desemba. Englebert wakafika, Kotoko hawakuonekana, kombe likakabidhiwa mezani. Maelezo yanayotolewa miaka yote ni kwamba taarifa ya mechi ilikwamia chama cha soka cha Ghana, klabu haikuipata.

Ushahidi kwamba hawakuwa na hofu uko uwanjani. Fainali ya 1970 walikutana na Englebert hao hao, wakatoka 1-1 Kumasi, wakaenda kuwafunga 2-1 Kinshasa kwao.

Makatibu wa klabu zetu wasome hapa mara mbili. Barua za CAF nyingi bado hupitia shirikisho la nchi. Ukisubiri upigiwe simu, umekwisha. Siku ile ile matokeo yanapopatikana, andika barua kuomba tarehe, uwanja na saa, taka jibu la maandishi, na nakala ibaki klabuni. Wachezaji wakikosa mechi kwa sababu ya karatasi, hakuna kocha anayeweza kuirekebisha.

Fainali ya 1971, Canon Yaoundé wa Kamerun waliwazidi nini Kotoko?

Kwa mabao, hawakuwazidi. Kotoko walishinda 3-0 Kumasi, wakafungwa 2-0 Yaoundé. Jumlisha: 3-2. Lakini mabao hayakujumlishwa, kila timu ilihesabiwa ushindi mmoja, na mechi ya tatu ikachezwa Yaoundé, mlangoni kwa Canon. Canon wakiwa mbele 1-0 mchezo ukavunjika kabla ya dakika 90, na matokeo yakaachwa hivyo. Kupeleka mechi ya kuamua nyumbani kwa mmoja wa wahusika ni dhuluma, hata kama kanuni za siku zile ziliruhusu. Ongezeni kwamba Kotoko hawakuwa na kipa wao Robert Mensah, aliyefariki Novemba mwaka huo baada ya kuchomwa kwa chupa iliyovunjika huko Tema.

Simba waliwatoa Kotoko 1974, sivyo?

Hapana, Simba waliwatoa Hearts of Oak. Walishinda 2-1 Accra, wakatoka 0-0 Dar es Salaam. Kotoko ni Kumasi, Hearts ni Accra; tafadhali msiwachanganye tena.

Klabu iliundwa na Mfalme wa Waashanti?

Iliundwa na vijana wa kazi za mikono. Kwasi Kumah alikuwa dereva, mwenzake L. Y. Asamoah fundi umeme. Timu ikaitwa Rainbow, kisha Ashanti United, kisha Mighty Atoms. Jina la Asante Kotoko na nembo ya nungunungu vilikuja 1935 kwa idhini ya Asantehene (ndiye mfalme wa Waashanti) Prempeh II, na tangu hapo kiti cha Asantehene ndicho mlezi wake. Wanaowasahau waanzilishi hawa wanawadhulumu.

Nani wa kulaumiwa kwa vifo vya 9 Mei 2001 uwanjani Accra, Hearts dhidi ya Kotoko, mashabiki au polisi?

Mashabiki wa Kotoko walikosea. Timu yao ilikuwa mbele, Hearts wakapata mabao mawili dakika za mwisho na kuongoza 2-1, chupa na viti vikaanza kurushwa. Ila viti havikuua watu 126. Polisi walifyatua mabomu ya machozi jukwaani, watu wakakimbilia milango, milango ikawa imefungwa. Wengi walikufa kwa kubanwa na kukosa pumzi.

Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya kutuliza umati ndani ya uwanja. Kwa hiyo meneja wa uwanja anayepokea dabi ahakikishe mambo haya kabla tiketi ya kwanza haijachanwa: kila mlango una mtu wake mwenye ufunguo mkononi, milango inafunguka kuelekea nje, na yote iko wazi kabla ya filimbi ya mwisho. Mlinzi akifunga kufuli akaenda kutazama mpira, afukuzwe kazi siku hiyo hiyo.

Baba Yara, ambaye uwanja wa Kumasi umepewa jina lake, aliumia akiichezea Kotoko?

Hapana. Winga huyo alikuwa ameshachukuliwa na Real Republicans, timu iliyoundwa na serikali ya Nkrumah kwa kukusanya nyota wa klabu nyingine. Basi lao lilipata ajali Kpeve, huko huko Ghana, mwaka 1963, akaumia uti wa mgongo, hakucheza tena. Alifariki 1969.