Mleta uzi, usikusanye hata senti ya kitabu cha pamoja

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umeuliza mengi kuhusu kikundi chenu cha waandishi: mkutane wapi, mara ngapi kwa mwezi, mchague viongozi gani, na wale wageni ambao hawajawahi kuandika chochote uwatie moyo vipi. Halafu mwishoni, kama jambo la kupitia tu, ukasema kuna mchapishaji amejitolea kuwatolea kitabu cha pamoja, kila mwanachama achangie pesa na hadithi moja, "ili watu wapate motisha". Waliokutangulia kukujibu wamekupongeza. Mimi damu imenichemka. Hayo mengine yatasubiri.

Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi, mpaka hiyo motisha.

Kikundi chetu kilikuwa kimeanza vizuri. Watu wachache, huyu na daftari, yule na simu, tunasomeana, tunabishana kama kweli mama mkwe wa kwenye hadithi angeweza kusema vile, tunaagana. Kisha akaja bwana mmoja, mchapishaji. Mwenzetu mmoja alimwalika kwa nia njema kabisa. Akasikiliza hadithi moja, haikumalizika, akasimama akatusifu wote kwa mpigo. Akasema miswada yetu imeiva. Miswada ipi? Mingi ilikuwa bado vichwani mwa wenyewe. Dada mmoja alikuwa na kurasa mbili tu na kichwa cha hadithi, naye akaambiwa kazi yake ina soko. Mtu anayesifu asichokisoma anataka kitu kwako, na ilitakiwa aagwe palepale. Sisi tukatoa kalamu, na mimi ndiye niliyeandika orodha ya wachangiaji.

Sasa sikiliza yaliyomo kwenye mikataba ya watu wa namna hii, maana na wewe utaletewa, tena utaletewa siku ya kulipa ili usipate nafasi ya kuusoma.

Kwanza watakuambia wanakupa ISBN, kama vile ni zawadi. ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu, basi. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na sehemu ya tarakimu hizo humtambulisha mchapishaji. Kwa hiyo namba anayokupa yeye inakiingiza kitabu kwenye kumbukumbu kama toleo lake yeye. Tena kuna nchi ambako namba hizo hutolewa bure na ofisi inayohusika, na kikundi kinaweza kuomba chenyewe. Anakuuzia kitu ambacho huenda ungekipata bila kulipa, na bado jina linalobaki ni lake.

Pili watasema pesa yenu inalipia pia "kusajili hakimiliki" ili msiibiwe. Yule bwana alilirudia hili mpaka tukaona tunalindwa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, upo tangu 1886, na kwa nchi zilizomo ndani yake hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, bila fomu wala muhuri. Wengine huchagua kusajili, na usajili unaweza kusaidia kama ushahidi, lakini haki haizaliwi na usajili.

Tatu, na hapa ndipo pameniuma mpaka leo, kuna kifungu kinachosema mwandishi anamkabidhi mchapishaji haki zote za hadithi "kwa muda wote wa hakimiliki". Unasoma haraka, unaona lugha ya kisheria tu, unasaini. Kiwango cha chini kabisa cha Mkataba wa Berne ni maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yaani mtu amelipa, hadithi imekwenda, na wajukuu zake wakitaka kuichapa wamwombe ruhusa yule bwana au warithi wake! Mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi. Humpa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ya kitabu, au malipo ya mara moja, huomba haki za kazi fulani kwa muda fulani, na gharama za uhariri, jalada na uchapaji anazibeba yeye kwa sababu anategemea mauzo. Anayetoza waandishi wote hategemei msomaji yeyote. Ameshapata faida yake kabla kitabu hakijafunguliwa. Atahangaika kukiuza cha nini?

Nisieleweke vibaya. Mwenye kiwanda cha uchapaji anayekuambia "nakala kadhaa, karatasi hii, bei hii, chukua vitabu vyako uende" ni mfanyabiashara mwaminifu. Na mwandishi anayejichapishia mwenyewe kwa pesa yake, akijua anachokifanya, namheshimu. Ninayemkataa ni anayechukua pesa kama mpiga chapa na haki kama mchapishaji, kisha kazi ya wote wawili haifanyi.

Lakini pesa haikuwa hasara kubwa. Hasara kubwa ilianza siku michango ilipoanza kuingia. Mtu akishalipia hadithi yake, nani tena wa kumwambia mwisho haujakaa sawa? Aliyelipa ana haki ya kuwemo. Tukanyamaza. Vikao vilivyokuwa vya kusoma vikawa vya mahesabu: nani amemaliza, nani anadaiwa, hadithi ya nani itangulie, picha ya nani ikae nyuma ya jalada. Wasio na uwezo wa kuchangia wakaona aibu, wakaacha kuja, na baadhi yao ndio waliokuwa wanaandika vizuri kutushinda. Wageni waliojiunga wakati ule hawakuwahi kusikia kazi yoyote ikisomwa. Walikuta daftari la mhazini tu.

Alikuwepo kijana mmoja, mkimya, hakuwahi kuonyesha maandishi yake kwa mtu kabla ya kuja kwetu. Hadithi yake ilimhusu baba anayejifunza kusoma kwa siri kwenye vitabu vya mwanawe. Nzuri, ya polepole, na uzito wake wote ulikuwa kwenye aya ya mwisho. Vitabu vilipofika, akafungua palepale ulipo ukurasa wake. Akasoma, akafungua ukurasa unaofuata, akakuta kichwa cha hadithi ya mtu mwingine. Akarudi nyuma. Akafungua tena, taratibu, kama mtu anayetenganisha karatasi zilizogandana. Hadithi yake ilikuwa imeishia kwenye mkato. Baadaye tuliambiwa kwamba kurasa hupigwa chapa kwa mafungu, aghalabu ya kurasa 16, na kitabu kilikuwa kimezidi kidogo, kwa hiyo "tulipunguza hapa na pale". Mambo ya mafungu ya kurasa ni kweli kabisa, kila mpiga chapa anayajua. Mhariri halali hupunguza ukubwa wa herufi au pambizo, au humpigia mwandishi simu. Hakati mwisho wa hadithi ya mtu.

Kijana akasema, "Labda mimi ndiye niliyeituma hivyo." Hakuituma hivyo. Nilikuwa nayo nzima kwenye simu yangu, nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, akachukua nakala zake, na kikundini hakurudi. Nilimtafuta sana. Mara ya mwisho tulipoongea alisema haandiki tena, mambo ni mengi. Wewe unauliza namna ya kuwatia moyo waandishi wapya. Mimi nakueleza namna wanavyovunjwa, na njia yenyewe ndiyo hiyo uliyoiweka mwishoni mwa swali lako.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na sitaipunguza makali: pesa ya kuchapisha isipite kwenye kikundi. Isipite kabisa. Isiwe "kidogo kidogo", isiwe "kwa watakaopenda". Mwenye kutaka kuchapisha na achapishe kwa jina lake na mfuko wake, nje ya kikao. Kikundi ni mahali pa kusomeana.

Motisha je? Mwandishi mpya anataka kusikilizwa mpaka nukta ya mwisho, na asikie mtu mwingine akimtajia kitu alichokiandika yeye. Hilo ndilo linalomrudisha wiki inayofuata. Msanii wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, mwaka 1990 alianza kutengeneza utaratibu wa kutoa maoni ambao unawafaa waandishi kama ulivyowafaa wachezaji. Una hatua nne. Wasikilizaji husema kwanza kilichowagusa au kubaki akilini. Kisha mwenye kazi huuliza maswali yake mwenyewe. Kisha wasikilizaji huuliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake, yaani "kwa nini ulianza na mvua?" na si "kwa nini mwanzo unachosha?" Mwisho ndipo huja maoni, na hata hapo lazima mwenye kazi aombwe ruhusa: nina maoni kuhusu huyu mhusika, ungependa kuyasikia? Akisema hapana, basi. Jaribu hili na mtu anayetetemeka kusoma kwa mara ya kwanza, uone atakavyonyooka kitini anapofika hatua ya pili, pale yeye ndiye anayeuliza.

Viongozi? Sijui unawaharakia kwa nini. Waandishi wa riwaya akina Tolkien na C. S. Lewis walikutana na wenzao kule Oxford miaka ya 1930 na 1940, na ndugu yake Lewis, aliyekuwa mmoja wao, ameandika kwamba hawakuwa na kanuni, wala viongozi, wala ajenda, wala uchaguzi. Walisomeana kazi ambazo hazijamalizika na kukosoana waziwazi. Tolkien aliwasomea kazi yake kubwa, The Lord of the Rings, kipande kwa kipande, miaka kabla haijaanza kutoka mwaka 1954. Hakuna aliyetozwa mchango ili asikilizwe. Cheo cha kwanza kuwa cha lazima kwenye kikundi huwa ni mhazini, na mhazini huhitajika pale tu mnapoanza kukusanya pesa. Unaona ninakokurudisha.

Mahali pa kukutania na idadi ya vikao watakujibu wengine, sina ugomvi na yeyote hapo.

Mimi nataka unijibu jambo moja humu humu kwenye uzi: kuna mtu ameshatoa pesa? Kama bado, andika leo kwenye grupu lenu kwamba mchango umesitishwa. Kama wapo waliotoa na bado unazo mkononi, warudishie kila mmoja chake kabla ya kikao kijacho, mbele ya wenzao. Na kama mkataba ameshawaletea, usisaini. Piga picha kile kifungu cha haki, ficha majina, kiweke hapa tukisome pamoja mstari kwa mstari. Nitakuwepo usiku huu wote.