Vitamini D na uvimbe wa kizazi

Dada, umeuliza kama upungufu wa vitamini D ndio uliokuletea faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, na kama vidonge vyake vitaziyeyusha. Uhusiano upo, ila haujafikia kiwango cha kuitwa chanzo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusisha wanawake zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 49, ulionyesha kwamba waliokuwa na vitamini D ya kutosha, yaani zaidi ya nanogramu 20 kwa kila mililita ya damu, walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na uvimbe huo kwa takriban asilimia 32. Katika maabara nako, vitamini hiyo imeonekana kupunguza kasi ya kuzaliana kwa seli za uvimbe na kupunguza utengenezwaji wa zile nyuzinyuzi zinazoufanya uwe mgumu. Hata hivyo, seli zilizo kwenye kisahani cha maabara si mwili wa mtu, na homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na urithi wa familia, bado zina nguvu kubwa.

Kwa hiyo pima kwanza kiwango chako cha vitamini D, kisha daktari akupangie dozi kulingana na majibu. Usijimezee dozi kubwa kiholela, kwani vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na huweza kudhuru figo. Na kama hedhi yako ni nzito kiasi cha kukusababishia kizunguzungu, usisubiri vidonge vifanye kazi. Nenda ukapimwe wingi wa damu na ufanyiwe ultrasaundi.