Usukani mzito na oili inayopotea: kabla hujanunua reki, chomoa mipira miwili midogo

Mkuu, nimekusoma vizuri. Haisi ya petroli ya miaka ya tisini, umeiwekea kitanda, jiko na tangi la maji. Asubuhi usukani mzito, ukikata kona kuingia getini pampu inaunguruma, oili ya pawa stelingi unaongeza kila wiki na chini ya gari ni pakavu. Fundi wa kwanza kasema reki (ule mtambo unaogeuza matairi ya mbele) imekufa, wa pili kasema pampu, na wewe umeshaanza kuchanga pesa ya vyote viwili. Hebu ishike hiyo pesa kwanza. Mimi nina Haisi ya aina hiyohiyo, na reki niliinunua bila kuihitaji.

Niliitoa Mwanjelwa, used, ikafungwa siku hiyohiyo. Siku tatu usukani ulikuwa mwepesi mpaka nikawa natembea na kidole kimoja. Ya nne tukapakia familia kwenda kuangalia maua Kitulo, tukapandia Chimala kwenda Matamba, ile barabara wanayoiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Kufika katikati nikawa nasimama karibu kwenye kiti kuuzungusha usukani. Nikaegesha, nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikafungua kopo la oili. Ndani hakukuwa na oili nyekundu niliyomimina, kulikuwa na povu la waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi. Mama watoto akauliza kama hiyo nayo ni spea mpya. Sikujibu.

Povu maana yake pampu inavuta hewa. Na hewa inaingia oili ikipungua kwenye kopo. Kwa hiyo swali lilikuwa oili inaenda wapi, na hilo hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza.

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa gereji ya Uyole. Nikamwamkia, nikaanza kusimulia habari za reki, akanikatisha: "Marahaba. Asubuhi ukiwasha inatoa moshi?" Kweli, ilikuwa inatoa moshi mweupe kidogo, mimi nikidhani ni baridi ya Mbeya. Hakuingia hata chini ya gari. Akachomoa kimpira chembamba kinachotoka kwenye pampu, akaingiza kijiti, kikatoka kimelowa nyekundu. Akanionyesha tu, akakifuta kwenye suruali yake.

Jambo lenyewe ni hili. Toyota nyingi za petroli za zamani zina kivalvu kidogo kilichofungwa kwa nati kwenye mwili wa pampu ya pawa, chenye mipira miwili myembamba inayokwenda upande wa hewa ya injini. Kazi yake ni kuongeza sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Ukikata usukani gari likiwa limesimama, pampu inailemea injini, kivalvu kinafunguka na kupitisha hewa kidogo ili injini isizimike. Hiyo mipira inatakiwa ipitishe hewa tu, ndani iwe mikavu kabisa. Sili ya kivalvu ikichoka, injini inainyonya oili ya stelingi na kuichoma pamoja na petroli. Ndiyo maana huoni tone chini. Oili yako inatokea kwenye ekzosi.

Kwa hiyo kesho, kabla ya chochote, injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa hiyo mipira na uangalie. Ukikuta imelowa, umepata mchawi. Kivalvu kinabadilishwa peke yake. Kama hakipatikani haraka, ziba vichwa viwili vya kivalvu na mipira miwili upande wa injini, kila kimoja kwa kifuniko kinachobana vizuri na klipu. Usizibe upande mmoja ukaacha mwingine, injini itavuta hewa isiyopimwa na sailensa itapanda. Ukishaziba, gari litashusha pumzi kidogo ukikata usukani mwisho wakati wa kupaki. Unaweza kuishi nalo. Mimi niliishi nalo miezi minne.

Ukikuta mikavu, sogea kwenye mpira mnene unaotoka kwenye kopo kuingia kwenye pampu. Huo hauna presha, unavuta. Ukichanika au klipu ikilegea unaweza usivujishe oili kabisa ila ukaingiza hewa, na mlio ni huohuo wa kuunguruma. Klipu ya zamani usiihurumie. Halafu minya buti za reki, ile mifuko ya mpira kwenye ncha zake, kwa mkono, kushoto na kulia. Zikiwa na oili ndani inayobwatabwata, hapo sili za reki kweli zimekwisha na fundi wako wa kwanza ana haki yake.

Mkanda sitauongelea sana. Ukilegea unapiga kelele ya juu, kama mluzi, tofauti na huo mngurumo wako. Bonyeza katikati kwa dole gumba, ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, kaza.

Kuhusu uzito wa asubuhi peke yake, pima hivi. Piga jeki mbele matairi yote mawili yaning'inie, weka stendi, injini imezimwa, zungusha usukani kwa mkono. Ukiwa bado mzito, pawa haihusiki. Ni boljointi zilizokauka grisi, au ule msalaba wa shafti ya usukani, yaani kiungo chake kinachopinda. Kwenye Haisi dereva anakalia matairi ya mbele, shafti inashuka karibu wima, na msalaba wa chini unakula tope na maji ya kuoshea gari mpaka unashika kutu. Dalili yake huwezi kuikosea, maana katika mzunguko mmoja usukani ni mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Wangu ulikuwa nao pia, ukalainika kwa oili ya kupenyeza na siku mbili za kuuzungusha. Usisahau upepo wa matairi, na lile tangi la maji kama umeliweka nyuma ya kiti cha dereva. Lita 60 ni kilo 60 unazoziongeza karibu na mguu wa mbele.

Ukiwa mwepesi kwenye jeki lakini mzito gari likiwa chini kwa dakika mbili za kwanza tu, angalia oili. Toyota hizi zinatumia ATF, ile oili nyekundu ya gia za otomatiki. Wapo wanaomimina oili ya injini, na mwezi wa saba huku kwetu inakuwa nzito kama uji. Wapo wanaomimina ya breki, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu inavimbisha sili. Kama huna uhakika aliyekuuzia aliweka nini, toa yote: chomoa mpira wa kurudishia kwenye kopo, uelekeze kwenye galoni, ziba kichwa cha kopo kilichobaki wazi, mimina mpya huku mwenzako anazungusha usukani taratibu, injini imezimwa, mpaka itoke nyekundu safi.

Kutoa hewa ndiko watu wanakoharakisha. Rudisha mpira, acha matairi juu, injini bado imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho mara 20 hivi ukiongeza oili. Ndipo uwashe, uzungushe polepole bila kushikilia mwisho. Kushikilia mwisho zaidi ya sekunde chache kunaichemsha pampu. Povu likibaki, zima, kunywa chai, rudia.

Na kama uzito unakuja gari likiwa la moto, baada ya kupanda Kitonga kwa mfano, na povu hakuna, basi fundi wako wa pili ndiye mkweli: pampu imechoka, oili ikiwa nyepesi kwa joto haishiki presha. Mwambie afunge geji ya presha kabla ya kukuuzia nyingine. Kama hana geji, nenda kwa mwenye nayo.

Usiizime injini kwenye mteremko wa Kitonga kubana mafuta kama baadhi wanavyofanya, hasa sasa. Pawa inaondoka, na buster ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga, nayo inabaki na mikanyago miwili mitatu tu.

Chomoa mipira kesho, uweke picha hapa. Na useme injini yako ni ya kabureta au ya nozeli, maana njia ya hiyo mipira inatofautiana kidogo.